Mume Asijue: Sehemu ya Sita

Ndugu msomaji, kama wiki iliyopita gazeti halikukufikia, au lilikufikia likiwa limeshafungiwa sabuni, usihofu. Nitakupandisha hapahapa njiani.

Mimi ni fundi wa injini. Karakana yetu ilipofungwa, nilikaa nyumbani mpaka viti vikanichoka. Mke wangu ndiye aliyebaki na kazi. Ni kiongozi wa wageni kwenye boti inayozunguka visiwa vya mbali, vile ambavyo vingi havina hata kibanda. Anawavalisha wageni miwani ya majini, anawafundisha kupumua kwa mrija, anawafunga mapezi miguuni, kisha anaingia nao kuwaonyesha matumbawe na samaki.

Fundi wa boti alipoacha kazi, mke wangu akaniombea nafasi. Ndivyo nilivyoingia baharini, mimi ambaye hata maji ya beseni nayaendea kwa tahadhari. Sijui kuogelea. Sijui hata kuelea.

Nilikuacha pale nilipochungulia kidirisha cha chumba cha injini, nikaona mkono wa mke wangu ndani ya mkono wa mgeni.

Mgeni mwenyewe ni daktari wa meno. Meno yake ni tangazo tosha la biashara. Akicheka, unatamani kufumba mdomo wako.

Basi nilipanda juu na spana mkononi. Sikuwa na mpango nayo wowote, nakuapia. Niliisahau tu.

Nikawakuta wanapanda ngazi, maji yanawatiririka, mke wangu anacheka na mrija unaning'inia shavuni.

"Mbona umeshika spana?" akaniuliza.

"Niko kazini. Wewe je?"

"Na mimi niko kazini."

"Kazi ya kushikana mikono?"

Kicheko kikamkatika. "Mkondo ulikuwa mkali. Mgeni akianza kuchukuliwa na maji, namshika mkono. Ulitaka nimshike wapi?"

Daktari akakohoa kidogo. "Fundi, mkeo ni mwalimu mzuri sana," akasema, akanionyesha yale meno yote.

"Najua," nikamjibu. "Nilimjua kabla yako."

Hakuna aliyecheka. Nikarudi chini kwa injini yangu, ambayo angalau ikinidanganya huwa inatoa moshi.

Sasa nikwambie juu ya mtu mwingine. Daktari hakuja peke yake. Alikuja na shemeji yake, mtu aliyemwoa dada yake. Huyu tulimpachika jina la Kofia, kwa sababu ya kofia pana ya majani ambayo hakuivua hata mezani. Mtu mpole, mwenye sauti ya chini, wa asante na samahani.

Kofia naye haogelei. Wageni wakishaingia majini, boti inabaki na nahodha anayesinzia, mpishi anayemenya vitunguu, Kofia na mimi. Watu wawili wanaoogopa maji, wamekaa katikati ya maji, watakosaje kuwa marafiki?

Alikuwa akiniletea chai kule chini. Akikaa kwenye ngazi, ananiuliza naendeleaje, kisha anangoja jibu. Tangu karakana ifungwe, hakuna mtu aliyewahi kungoja jibu langu.

Siku ile ya mkono, alikuja na vikombe viwili.

"Umeona?" akaniuliza.

"Nimeona."

"Mimi sisemi kitu. Ni shemeji yangu, siwezi kumsema. Ila angekuwa ni mke wangu..." Akapuliza chai yake.

"Angekuwa mkeo ungefanya nini?"

"Ningemtazama. Basi. Mke anayetazamwa haendi mbali."

"Kwani wako yuko wapi, bwana?"

"Aliaga anakwenda kumwona mama yake. Hakufika. Huu ni mwaka sasa. Kuna mtu amemficha." Akaniwekea mkono begani. "Ndiyo maana nakuonea huruma, fundi. Najua mambo haya yanavyoanza. Yanaanza na kicheko."

Msomaji, neno lile liliniingia kama maji yanavyoingia kwenye tangi la mafuta. Kidogo tu, lakini injini nzima inaanza kukohoa.

Nikaanza kumtazama mke wangu.

Daktari ana masharubu. Mtu mwenye masharubu, miwani ya majini humvujia. Dawa yake ni kupaka mafuta mazito juu ya mdomo. Sawa. Lakini kwa nini ampake mke wangu? Hana vidole? Nilimwona kwa macho yangu: mke wangu anachota mafuta koponi, anampaka yule bwana polepole huku na huku, kama anayepaka siagi kwenye mkate wa mtoto. Kwa mkono uleule wenye pete yangu!

Halafu tukifika kila kisiwa, wageni wengine, wale wastaafu mtu na mkewe, wanaachwa karibu na boti wakichezea maji. Mke wangu na daktari wanakwenda mbali, mpaka ukingo wa matumbawe. Naiona mirija yao miwili imesimama pamoja. Wakifika huko wanaitoa mdomoni, vichwa vinainuka, wanaongea.

Wanaongea! Mtu aliyelipia kutazama samaki anaongea nini?

"Wanaongea nini?" nikamuuliza Kofia.

"Hata mimi najiuliza," akasema, na sauti yake ilikuwa na uchungu kama wangu. Nikampenda zaidi.

Alasiri moja nilimbana mke wangu kwenye kile chumba chetu, ambacho mmoja akitaka kugeuka lazima mwingine atoke.

"Mama watoto, niambie ukweli. Huyu daktari ni nani kwako?"

Alikuwa akikamua nywele. Akaacha. Akanitazama kwa namna ambayo hakuwa amenitazama muda mrefu, kama anayenipima uzito.

"Baba watoto, nikikuambia jambo, utaweza kunyamaza?"

"Jambo gani?"

"Nijibu kwanza. Utaweza? Hata kwa rafiki yako mpya?"

Nilikuwa nafungua mdomo nimjibu, mlango ukagongwa, kofia pana ikajitokeza.

"Samahani sana," Kofia akasema. "Natafuta maji ya kunywa."

Uso wa mke wangu ukabadilika kama taa iliyozimwa. "Pampu ya maji machafu inapiga kelele," akaniambia. "Nenda kaiangalie."

"Jambo gani, nakuuliza?"

"Pampu, mume wangu."

Nikaenda kwa pampu. Pampu ilikuwa nzima kabisa. Nikaipiga spana moja hata hivyo, ili tuwe wawili wenye maumivu.

Ni hapohapo, nikiwa nimechuchumaa kando ya pampu, niliposikia sauti za watu nje ya kidirisha. Kidirisha kile kiko juu kidogo tu ya maji. Mke wangu alikuwa amesharudi majini, na daktari wake. Walikuwa wameshikilia ubavu wa boti ili wapumzike, na hawakujua kwamba kuna sikio upande wa pili wa ubao.

Pampu ikawa inakula maneno. Nikaizima.

"...kesho, kisiwa cha mwisho," mke wangu alikuwa akisema. "Kila kitu kiko tayari. Ni kuondoka tu."

"Moyo unanienda mbio," daktari akasema. "Na mume?"

"Mume asijue kitu. Nakuomba. Akijua, tumekwisha."

Kisha nikasikia mapezi yakipiga maji, wakaondoka.

Nilikaa chini kwenye ule utelezi wa mafuta. Sikulia. Nilikuwa naona tu nyumba yangu, watoto wangu wakiwa kwa bibi yao, viti vile vilivyonichoka, na mimi nimekaa peke yangu nawaambia watoto kwamba mama yao ameondoka na meno.

Kofia alinikuta hapo. Akakaa ngazini, akanisogezea kikombe.

"Fundi, nini?"

Nikamwambia yote. Neno kwa neno, kama nilivyokuandikia wewe.

Kijiko chake kikasimama ndani ya kikombe.

"Rudia," akasema.

"Kila kitu kiko tayari, ni kuondoka tu."

"Hapana. Pale pa mume."

"Mume asijue. Akijua, tumekwisha."

Kofia akavua kofia yake. Mara ya kwanza tangu apande boti ile. Nikayaona macho yake vizuri, yamejaa machozi. Nikadhani ananililia mimi.

"Huko kisiwa cha mwisho kuna nini?" akaniuliza taratibu.

"Kuna kituo cha watu wanaopandikiza matumbawe. Wanavunja vipande vidogo, wanavifunga kwenye vyuma chini ya maji, vinakua. Sisi huwa tunawapelekea mafuta na chakula. Ni wanawake wachache na jenereta yao."

"Wanawake," akasema.

"Ndiyo."

Akaivaa kofia yake tena, akaiweka sawa. "Fundi, wewe ni mwanaume au si mwanaume?"

"Ni mwanaume."

"Basi kesho asubuhi, wao wakiingia majini, mimi na wewe tuchukue boti ndogo. Tutangulie. Tuwakute tumeshafika. Nataka nione nyuso zao."

Nilimshika mkono kwa nguvu. Nilijiona nina ndugu.

Asubuhi kulikuwa kweupe, bahari imetulia kama kioo cha meza. Tulikuwa tumetia nanga kwenye kisiwa kinachotangulia kile cha mwisho, na kile cha mwisho kilionekana ng'ambo ya mlango mpana wa maji ya buluu nzito. Mke wangu akawavalisha wageni, akampaka mtu mafuta ya masharubu, wakaingia.

Nikaishusha boti ndogo ya mpira.

"Fundi, unakwenda wapi?" nahodha akauliza bila kufungua macho vizuri.

"Kuijaribu injini hii. Jana ilikuwa inasumbua."

"Na mgeni?"

"Anapunga upepo."

"Usiingie mlango ule. Mkondo wa pale hauna adabu."

"Siingii," nikasema. Tayari nilikuwa nimeshakuwa mwongo kama wao.

Tulipita mbele yao. Mke wangu akainua kichwa, akaisukuma miwani juu ya paji la uso. Akaniona mimi. Halafu akamwona niliye naye.

Akapiga kelele. Injini ilikuwa ikinguruma, sikusikia neno hata moja. Nilimwona tu anapunga mikono yote miwili juu ya kichwa, anamezwa na wimbi, anaibuka, anapunga tena. Daktari naye akaanza kuogelea kutufuata, anapiga maji kama mwendawazimu.

Msomaji, nilisikia raha. Nakiri. Raha mbaya, kama ya kukuna upele. Nikasema moyoni, leo ndio mnajua kwamba fundi ana macho. Nikawapungia mkono wa kwaheri, nikaongeza mafuta.

Tukaingia mlangoni. Boti ikaanza kusukumwa pembeni, nikaukaza usukani. Kofia alikaa mbele, mgongo umenyooka. Tulipokaribia, nikaona kituo: mabati mawili matatu, kamba za nguo, jenereta chini ya turubai. Karibu na ufuko, wanawake watatu walikuwa wameinama kwenye maji ya kiunoni, miwani usoni, mirija juu.

Mmoja wao akasikia injini. Akainuka, akasukuma miwani juu.

Niliutambua uso ule, ingawa sikuwahi kuuona; tukileta mizigo hapa, mimi hubaki chini kwa injini. Ulikuwa ni uso wa daktari wa meno, isipokuwa wa kike. Paji lilelile, kidevu kilekile. Alikuwa anaanza kutabasamu, kama mtu anayemngoja mgeni wake, na meno yalikuwa yaleyale.

Kofia akasimama ndani ya boti.

Tabasamu likafutika usoni kwa yule mama.

"Mke wangu," Kofia akasema.

"Nani?"

"Yule pale. Mke wangu."

Kichwa changu kikawa kama injini baridi, naivuta kamba haiwaki. "Sasa daktari..."

"Daktari ni kaka yake. Na mkeo ndiye aliyemficha huku mwaka mzima." Akanigeukia. Hakuwa na hasira. Alikuwa na furaha. "Mume aliyekuwa akisemwa ni mimi, fundi. Si wewe."

Unajua nilifanya nini? Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka kwa sauti, pale katikati ya maji. Mke wangu hana mtu! Mke wangu ni wangu! Yale yote ya mirija na masharubu yalikuwa ni kwa sababu majini ndipo mahali pekee ambapo Kofia hakuweza kuwafuata. Nilitaka kugeuza boti nikamwangukie miguuni.

"Asante sana," Kofia akasema. "Shemeji yangu tangu apajue hapa amenificha; ndiyo maana nilimganda safari hii. Mkeo hakunipa hata salamu. Wewe umenipa bure, na usafiri juu."

"Sasa utaongea naye," nikasema. Nilikuwa bado nacheka kidogo. "Myamalize."

"Niongee nini?"

"Si ni mkeo?"

"Mara ya kwanza nilimvunja mkono tu," akasema, kwa sauti ileile ya kuniuliza kama chai ina sukari ya kutosha. "Kosa langu likawa kumpeleka hospitali. Alitorokea hukohuko. Safari hii sitampeleka popote. Kaza mwendo, fundi."

Nikaacha kucheka.

Nilimtazama mtu yule. Mke anayetazamwa haendi mbali. Siku zote zile nilikuwa nimeyarudia maneno yake kichwani kama wimbo. Nilikuwa nimelala nayo, nimeamka nayo, nimemtazama mama wa watoto wangu kwa macho aliyoniazima yeye. Na kama jana daktari angekuwa peke yake na mimi kule chini, na spana iko mkononi? Sikutaka kujijibu.

"Kaza mwendo," akarudia.

Mkono wangu ulikuwa juu ya injini. Chini yake, mpira wa mafuta. Hiyo ndiyo kazi yangu, msomaji, sihitaji hata kutazama. Nikauchomoa upande huu, nikauchomoa na upande wa tangi, nikautupa baharini.

Injini ikakohoa mara mbili tatu, ikafa.

Kimya kilichofuata kilikuwa kikubwa sana. Nikasikia maji yakipita chini yetu. Boti ikaanza kugeuka yenyewe, taratibu, kuelekea bahari kuu.

"Nini?" Kofia akauliza.

"Imezima."

"Iwashe."

"Haiwaki."

Akatazama injini, akanitazama mimi, akatazama mkono wangu uliolowa mafuta. Hakuwa mjinga. Akainama, akalichukua kasia lililokuwa chini. Alilishika si kama mtu anayetaka kupiga makasia.

Nikajitupa nyuma, nikapaza sauti yote niliyojaliwa. "Mama! Kimbia! Usikae hapo, kimbia!"

Wale wenzake wawili walikuwa wameshatoka majini, wanamvuta mikono. Walikuwa wakimwita. Yeye alisimama palepale. Aliitazama boti yetu ikichukuliwa na mkondo, na lile kasia mkononi mwa mumewe. Aliangalia kule tulikotoka, ambako vichwa viwili vidogo vilikuwa vimeingia mlangoni vikitufuata: cha mke wangu na cha kaka yake, na ule mkondo ukiwavuta wao pia.

Yule mama akajinasua mikononi mwa wenzake.

Akaishusha miwani machoni. Akauma mrija. Akalala juu ya maji, akaanza kuogelea, na hakuwa anaogelea kuwafuata wale wawili. Alikuwa anakuja moja kwa moja kwetu.

"Rudi!" nikampigia kelele. "Rudi, mama!"

Mrija ule ulikuja tu, umesimama wima, haukupinda kushoto wala kulia.

Kofia akauona. Bega lake likashuka, pumzi ikamtoka taratibu. Akalilaza kasia miguuni pake, akaiweka kofia yake sawa, kisha akajisogeza pembeni kidogo, ili mke wake apate nafasi ya kukaa.